Trai ni Nini Hasa? Naomba Sentensi Moja Irudishwe Kwenye Sheria za Raga

Zilikuwa zimebaki dakika chache, uwanja umelowa, na mchezaji wa pembeni wa timu iliyokuwa nyuma kwa pointi tatu alijirusha kuelekea kona huku walinzi wawili wamemng'ang'ania kiunoni. Mwenye filimbi siku hiyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepiga goti hatua mbili kutoka mstarini na niliona vizuri: mpira ulikuwa umebanwa kati ya kiganja na kigasha cha mkono wake wa kulia, ncha yake ikagusa majani ndani ya mstari wa goli, kisha kwa kishindo cha kuanguka ukachomoka na kubingiria. Nilipuliza filimbi na kuinua mkono. Trai, yaani bao la pointi tano la kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani.

Mechi ilipokwisha, kocha wa timu iliyofungwa alinifuata kwa utaratibu, bila kelele, akaniambia, "Refa, samahani, yule kijana hakuukandamiza mpira. Ulimponyoka."

"Ulimponyoka baada ya kugusa chini, kocha. Ulipogusa alikuwa bado ameushika, na aliyeushika mpira halazimiki kuukandamiza."

"Imeandikwa wapi?"

Kitabu cha sheria kilikuwa kwenye begi langu. Nilikifungua kwenye sheria ya 21, inayohusu eneo la goli, yaani lile lililo nyuma ya mstari wa goli, nikiwa na hakika kwamba nitamwonyesha sentensi ninayoikumbuka tangu siku nilipoanza kujifunza uamuzi. Sikuiona. Nilisoma tena kutoka juu hadi chini huku kocha amesimama kando yangu, na bado sikuiona. Nilimweleza sababu za uamuzi wangu kadiri nilivyoweza, akanishukuru na kuondoka, lakini nilijua kwamba hakuridhika, na kwa kweli sikuwa nimempa maandishi ya kumridhisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza sheria za raga zinapaswa kuieleza trai kwa usahihi wa kiasi gani, na jibu nililolifikia ni kwamba mahali pamoja sheria imesema machache mno, na mahali pengine watu wanaidai iseme mengi kuliko jicho la binadamu linavyoweza kuona.

Tuanze na kile kilichoandikwa. Kwa sheria za sasa za World Rugby, shirikisho la raga duniani, mpira unahesabika kuwa umegusishwa ardhini kwa njia mbili. Ya kwanza ni mchezaji kuushika mpira na kuigusa ardhi kwa mpira huo. Ya pili ni kuukandamiza mpira kwa mkono au mikono, kwa kigasha, au kwa sehemu ya mbele ya mwili kuanzia kiunoni hadi shingoni. Mshambuliaji anayekuwa wa kwanza kufanya mojawapo ya hayo katika eneo la goli la wapinzani amefunga trai, na mstari wa goli wenyewe ni sehemu ya eneo hilo, kwa hiyo mpira ukigusa chokaa unatosha. Ukitazama kwa makini utaona kwamba neno "kukandamiza" limo katika njia ya pili peke yake. Aliyeushika mpira anatakiwa tu kuigusa ardhi kwa mpira huo, basi.

Kitabu cha zamani hakikumwachia msomaji kazi ya kukisia jambo hili. Sheria ya kugusisha mpira, ambayo wakati huo ilikuwa na namba 22, ilieleza kwanza kwamba kushika maana yake ni kushika kwa mkono au mikono, au kwa kigasha au vigasha, kisha ikaongeza sentensi fupi iliyosema wazi kwamba hakuna haja ya kukandamiza. Mwaka 2018 kitabu kizima kiliandikwa upya kwa lugha nyepesi na kupunguzwa sana. Kazi hiyo ilihitajika na kwa sehemu kubwa ilifanywa vizuri, kwa sababu kitabu cha awali kilikuwa kirefu na kilirudiarudia mambo. Sentensi ile fupi haikubaki. Nadhani waliokifupisha waliona kwamba maana yake tayari imo katika maneno yaliyobaki, na kwa msomaji mtulivu aliyeketi mezani ni kweli imo. Ila sheria za mchezo husomwa pia na kocha aliyefungwa, na mtangazaji anayeongea huku picha zikirudiwa, na kijana wa miaka kumi na sita anayechezesha mechi yake ya kwanza.

Matokeo yake tunayasikia kila wikendi. Mpira unagusa ardhi ukiwa mkononi mwa mchezaji, picha inarudiwa polepole, na mtangazaji anauliza kama kulikuwa na mkandamizo, au kama mchezaji alikuwa na udhibiti kamili wa mpira. Neno "udhibiti" halimo katika sheria ya kugusisha. Limezoeleka midomoni mwa watu mpaka wengi wanaamini limeandikwa, na nimewahi kuwasikia waamuzi wenzangu wakilitumia kueleza kwa nini walikataa trai ambayo, kwa maandishi, ilikuwa halali. Hapo ndipo sheria isiyosema inapozaa sheria ya pili isiyoandikwa, na ile isiyoandikwa inakuwa kali kuliko iliyoandikwa.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba mpaka kati ya kushika na kukandamiza una uzito mkubwa. Sheria ya 8, inayohusu ufungaji, inamruhusu mchezaji aliye nje ya uwanja kufunga trai iwapo hajaushika mpira. Yaani mchezaji anaweza kuwa amelala nje kabisa ya mstari wa pembeni, mpira ukija ukibingiria ndani ya eneo la goli akanyoosha mkono na kuukandamiza chini, na ikawa trai halali. Lakini mchezaji huyo huyo akiushika mpira mara tu mwili wake unapogusa nje, mpira umetoka na hakuna trai. Mkono ni ule ule, mpira ni ule ule, mahali ni pale pale, na tofauti ya pointi tano inategemea jibu la swali moja: je, aliushika au aliukandamiza tu? Kitabu cha sasa hakimsaidii mwamuzi kulijibu swali hilo kwa maneno yanayotosha.

Pendekezo langu ni kwamba sentensi ya zamani irudishwe kama ilivyokuwa, na kando yake liwekwe elezo la kushika ambalo mtu mmoja anaweza kulitumia akiwa peke yake uwanjani bila kamera. Mimi hutumia kipimo hiki: mchezaji ameushika mpira iwapo mpira unaufuata mkono wake unakokwenda. Mkono ukienda kushoto mpira nao ukaenda kushoto, ukishuka nao ukashuka, basi umeshikwa, hata kama ni kwa kiganja kimoja, hata kama umebanwa kwa kigasha dhidi ya kifua. Mpira ukiwa na mwendo wake na mkono una mwendo wake, hata kama vidole bado vinaugusa, haujashikwa. Katika hali hiyo ya pili, ukianguka mbele ukagusa ardhi, umeangushwa mbele, na hakuna trai, hata kama mkono uliufuata nyuma yake ukaukandamiza sehemu ya sekunde baadaye.

Najua pingamizi litakalokuja. Mchezaji anapojirusha, mpira huteleza kidogo kidogo, na kuna kitambo kifupi ambapo nusu umeshikwa na nusu umeachwa, vidole vitatu bado vimeugusa na kiganja kimeshaachana nao. Ukisimamisha picha kwenye kitambo hicho, kipimo changu hakitoi jibu, kwa sababu picha iliyosimama haionyeshi mwendo wala haisemi nani anamfuata nani. Hilo silioni kuwa kasoro ya kipimo. Kushika ni tendo lenye mwendo, na kitu chenye mwendo kinapaswa kutazamwa kikiwa kwenye mwendo wake. Kwa maoni yangu, mwamuzi wa video angetakiwa aitazame kwanza picha ya kugusisha kwa kasi ya kawaida, kisha aipunguze kutafuta mahali mpira ulipo, na asiisimamishe kuamua kama ulikuwa umeshikwa. Picha iliyosimama ni shahidi mzuri wa mguu na mstari, si wa mkono na mpira.

Mfano wa mguu na mstari ambao wengi wanaukumbuka ni wa fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 20 Oktoba 2007, pale Stade de France, kati ya Uingereza na Afrika Kusini. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Mathew Tait alipenya katikati, mpira ukasogezwa haraka hadi kwa Mark Cueto kwenye kona ya kushoto, akajirusha na kuugusisha chini huku Danie Rossouw akimsukuma nje. Mwamuzi wa video, Stuart Dickinson, alizitazama picha kwa muda mrefu kisha akasema kwamba mguu wa kushoto wa Cueto ulikuwa umegusa mstari wa pembeni kabla ya mpira kugusa ardhi. Trai ilikataliwa na Afrika Kusini wakashinda 15 kwa 6. Watu wamebishana kuhusu uamuzi huo kwa miaka mingi, lakini hakuna aliyeweza kudai kwamba maneno ya sheria yalikuwa na utata. Mstari wa pembeni ni nje, anayeugusa akiwa na mpira ametoka, na kilichobishaniwa ni kile tu kilichoonekana. Huo ndio ubishi ninaoukubali, kwa sababu sheria imeshamaliza kazi yake na jicho linafanya yake.

Yapo maneno mengine katika sheria ya trai ambayo ni malegevu, nami ningependa yabaki hivyo. Mchezaji aliyekabwa na kuangushwa karibu na mstari wa goli anaruhusiwa kunyoosha mkono na kuugusisha mpira ndani, mradi afanye hivyo mara moja. Aliyeangushwa lakini kasi yake ikamburuza hadi ndani bila kukatika anahesabiwa amefunga. "Mara moja" ni muda gani? "Bila kukatika" hupimwaje? Nimesoma mapendekezo ya kuhesabu miondoko ya mkono, au kuweka kipimo cha muda, na nayapinga yote. Mwamuzi anayehesabu anaacha kutazama. Mtu aliyekaa karibu na tukio anajua tofauti kati ya mchezaji anayemalizia alichokianza na yule aliyekwisha lala, akatulia, kisha akapata wazo jipya. Neno "mara moja" linaibeba tofauti hiyo vizuri kuliko namba yoyote.

Raga pia imewahi kuonja uchungu wa usahihi uliowekwa mahali pasipostahili. Kwa miaka mingi godoro linalozungushiwa nguzo za goli lilihesabiwa kuwa sehemu ya mstari wa goli, kwa hiyo mshambuliaji aliyeugusisha mpira kwenye sehemu ya chini ya godoro alikuwa amefunga trai. Kwenye karatasi ilikuwa kanuni safi isiyo na utata wowote. Uwanjani ilimpa mshambuliaji shabaha inayojitokeza mbele ya mstari, ambayo walinzi hawakuwa na njia ya haki ya kuilinda, na ilifika hatua godoro likawa linainuliwa au kusogezwa, nguzo ikabaki wazi na watu wakaweza kuumia. Mwaka 2020 kanuni hiyo iliondolewa. Kwenye bendera ya kona kulitokea jambo linalofanana: zamani mchezaji mwenye mpira akiigusa bendera alihesabiwa ametoka, na sheria ilipolegezwa mwaka 2009 tukapata zile trai za kuruka, mwili mzima ukiwa hewani juu ya eneo la nje na mkono mmoja tu ukirudi ndani na mpira. Ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa kuyatazama katika mchezo huu, na yalipatikana kwa kuondoa kanuni, si kwa kuongeza.

Kuna wanaosema tungemaliza ubishi wote kwa kufuata mpira wa miguu wa Kimarekani, ambako inatosha mpira ulioshikwa ufike usawa wa mstari wa goli, hata ukiwa hewani. Ni kweli kwamba ingekuwa rahisi kupimika. Lakini raga ingepoteza tendo lenyewe. Hapo mwanzo kuugusisha mpira chini hakukuwa na pointi yoyote, kulimpa mchezaji haki ya kujaribu kupiga mpira kuelekea goli, na neno trai linatokana na kujaribu huko. Pointi zilikuja baadaye na kupanda kidogo kidogo, hadi nne mwaka 1971 na tano mwaka 1992, na muda wote huo kitu kimoja hakikubadilika, yaani mpira lazima uifikie ardhi. Kazi yote ya mlinzi katika mita ya mwisho, kuingiza mkono chini ya mpira, kumgeuza mbebaji chali, kumnyanyua kifua, ina maana kwa sababu ya sharti hilo.

Na sharti hilo ndilo linaloleta tatizo gumu kuliko yote, la mpira uliofukiwa chini ya miili. Tarehe 10 Februari 2024, pale Murrayfield, Uskoti walikuwa nyuma ya Ufaransa kwa 16 kwa 20, muda umekwisha, na Sam Skinner akaingia na mpira katika lundo la watu ndani ya mstari wa goli. Mwamuzi Nic Berry aliamua uwanjani kwamba haikuwa trai kisha akaomba picha. Picha zilionyesha mpira ukiwa umekaa juu ya kiatu, halafu ukionekana kushuka kuelekea ardhini, lakini hazikuonwa kuwa ushahidi wa kutosha wa kuubatilisha uamuzi wa kwanza. Mechi ikaishia hapo. Nimezitazama picha zile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na naamini mpira ulifika chini. Hata hivyo sioni neno lolote ambalo lingeongezwa kwenye sheria ya kugusisha likamsaidia Berry, kwa kuwa hakuna aliyebishana kugusisha ni nini.

Ubishi wa namna hiyo ni wa kale kama mchezo wenyewe. Katika mechi ya kwanza ya kimataifa, Edinburgh mwaka 1871, trai iliyowapa Uskoti ushindi dhidi ya Uingereza ilipingwa palepale, na mmoja wa waamuzi, H. H. Almond, aliandika baadaye kwamba hakuwahi kujua kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Tarehe 16 Desemba 1905 pale Cardiff, Bob Deans wa New Zealand alisema aliuweka mpira ndani ya mstari kisha akavutwa nyuma kabla ya mwamuzi John Dallas, aliyekuwa mbali nyuma ya mchezo, kufika. Dallas alisimamia kauli kwamba mpira uliwekwa nje ya mstari. Wales walishinda 3 kwa 0, na ubishi wa trai ile haujaisha mpaka leo.

Kinachohitaji usahihi katika hali hizo ni kanuni ya mashaka. Sheria inayo kanuni moja nzuri sana ya aina hiyo: iwapo haijulikani ni timu ipi iliyotangulia kuugusisha mpira katika eneo la goli, inapigwa skramu (wachezaji wa mbele wa timu zote mbili hufungana na kusukumana, mpira ukiingizwa katikati yao) mita 5 kutoka mstarini, na timu inayoshambulia ndiyo inayoingiza mpira. Zamani hata mpira ulioshikiliwa juu bila kufika chini ulileta skramu hiyo hiyo, kwa hiyo mwamuzi asiyeona chochote chini ya lundo alikuwa na uamuzi wa kati, usiompa mshambuliaji pointi wala kumfukuza mlangoni. Tangu majaribio ya mwaka 2021, ambayo yalithibitishwa mwaka uliofuata, mbebaji akizuiwa kuugusisha ndani ya eneo la goli, walinzi hupewa haki ya kupiga mpira wa kudunda, yaani unaoachiwa udunde chini ndipo upigwe teke, kutoka mstari wao wa goli. Naelewa nia yake, nayo ilikuwa kuwapa walinzi tuzo na kupunguza msururu wa skramu zinazorudiwa. Lakini sasa mwamuzi asiye na hakika hana tena mahali pa kati pa kusimama. Mshambuliaji ama anapata pointi tano ama anarudishwa nusu ya uwanja.

Kwa hiyo ningeitenganisha hali ya kuona na ya kutoona. Mwamuzi akiona kwa macho yake kwamba kuna mkono au mguu kati ya mpira na ardhi hadi mchezo unaposimama, mlinzi apewe mpira wake wa kudunda, maana ameufanyia kazi. Asipouona mpira kabisa, irudi skramu ya mita 5, washambuliaji waingize, kama sheria inavyosema tayari kuhusu mashaka ya nani alitangulia. Skinner hangepata trai kwa kanuni hii, lakini Uskoti wangeingia kwenye skramu moja ya mwisho mita 5 kutoka mstarini, na mechi ingeamuliwa na wachezaji.

Yule kocha tulikutana tena baada ya miezi kadhaa, timu yake ikicheza na mimi nikiwa na filimbi tena. Kabla ya mechi nilimwonyesha nakala yangu ya sheria, ambapo pembeni mwa sheria ya 21 nimeiandika kwa kalamu ile sentensi ya zamani, na chini yake kipimo changu cha mpira kuufuata mkono. Aliyasoma yote mawili polepole. Kisha akaninyooshea mpira kwa kiganja kimoja, akaushusha hadi ncha ikagusa majani, akauachia. "Na hii?" akauliza. Nilimwambia, "Hiyo ni trai, kocha." Akautwaa tena mpira na kwenda kuwaonyesha vijana wake.